Kifungashio Kisijue Matumbo ya Intapreta

Hotuba kwa waandishi wa programu, Kijitonyama, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu wa chuo, wapiga picha mliotoka Kariakoo, dada na kaka zangu, na ninyi wadogo zangu mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimeisha: habari za jioni, na poleni na foleni ya Bagamoyo Road.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchukua maktaba ya kuchakata picha iliyoandikwa kwa lugha ya C, ukaifungasha ili iweze kutumika ndani ya intapreta (programu inayosoma msimbo wako na kuuendesha) isiyo ile ya kawaida. Najua mada ni kavu. Nitajitahidi kuilowesha kidogo, lakini sitawadanganya kwamba ni ya kuchekesha.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kubisha ajiandae. Kifungashio kizuri, yaani msimbo unaoiunganisha maktaba na lugha yako, kinaijua maktaba kwa undani, ila hakijui lolote kuhusu matumbo ya intapreta. Kikishaanza kujua matumbo, umefunga ndoa na intapreta hiyo moja, na siku ukitaka kuhama utaacha kila kitu nyuma.

Nianze na kwa nini tuhangaike hapa Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulichora ramani za kata za jiji hili, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi wenyewe, na shabaha kubwa ilikuwa mafuriko: maji yanapita wapi Tandale, yanasimama wapi. Sehemu ya kazi ile ilifanywa kwa droni. Droni ikimaliza kuruka, picha zake zinaunganishwa kuwa picha moja ya eneo zima. Chukua picha ya pikseli 40,000 kwa 40,000, ukubwa ambao kwa ramani za namna hii si wa ajabu. Kila pikseli ina baiti tatu za rangi. Piga hesabu: baiti bilioni 4.8. Kijana ana laptopu ya GB 8, kivinjari kimefunguliwa, WhatsApp imefunguliwa, na anataka kuikata picha ile iwe vigae vya ramani. Akiipakia yote kwenye kumbukumbu kwa mkupuo, laptopu inaanza kunong'ona, halafu inanyamaza kabisa.

Hiyo ndiyo sababu ya kutafuta maktaba nzuri ya C. Sababu ya kutafuta intapreta nyingine ni ya upande wa pili. Python ambayo wengi wetu tumejifunzia inaitwa CPython, ile ya Guido van Rossum iliyotoka mwaka 1991. Ni imara, inafanya kazi kila mahali, na kwenye mizunguko mizito ni mzee anayepanda ngazi. Ipo PyPy, ambayo inaendesha lugha hiyohiyo lakini inatazama msimbo wako ukiwa unakimbia, inaona mzunguko upi unarudiwa sana, na kuugeuza kuwa maelekezo ya moja kwa moja ya prosesa; sehemu inayofanya kazi hiyo inaitwa JIT. Upande wa lugha ya Ruby ipo JRuby inayokaa juu ya Java. Upande wa lugha ya Lua ipo LuaJIT ya Mike Pall. Watu wanahamia huko kwa kutafuta kasi, au kwa sababu kampuni yao tayari inaishi kwenye Java.

Basi unahama, msimbo wako unapaa, unafurahi. Halafu unaita maktaba ya picha. Hapo ndipo maneno yanapoanza.

Kiendelezi cha kawaida cha Python, yaani kipande cha kuiongezea uwezo kilichoandikwa kwa C, hakizungumzi na Python kwa adabu kupitia mlango wa mbele. Kinaingia hadi jikoni. Kwenye CPython, kila objekti ina namba mwanzoni mwake inayohesabu ni wangapi wanaoishika. Kiendelezi kinapotaka kuishika objekti, kinaongeza namba ile kwa mkono wake, na kikimaliza kinaipunguza. Ikifika sifuri, objekti inafutwa papo hapo. Amri ya kuongeza si lazima ipitie funksheni ya intapreta. Kwa kawaida ni makro, maana yake imeshaokwa ndani ya kiendelezi siku kilipopitishwa kwenye kompaila (programu inayogeuza msimbo wa C kuwa lugha ya mashine). Kiendelezi kinaamini namba ile ipo, inakaa pale pale, na objekti yenyewe haitahama.

PyPy haina namba hiyo. Inatumia mfagiaji wa kumbukumbu anayepita mara kwa mara, anatafuta nini bado kinatumika, na zile objekti changa zilizosalimika anazihamishia sehemu nyingine. Objekti iliyokuwa kwenye anwani hii ya kumbukumbu asubuhi, mchana iko kwingine. Kwa hiyo ili kiendelezi cha zamani kifanye kazi, PyPy ina tabaka linaloitwa cpyext: kila objekti inayovuka kwenda upande wa C inatengenezewa pacha wa bandia mwenye namba ya hesabu, mwenye anwani tulivu, na intapreta inabeba mzigo wa kuwaoanisha hao wawili. Inafanya kazi. Pillow, mrithi wa maktaba ya zamani ya picha ya PIL, inaendeshwa kwenye PyPy kwa njia hiyo. Lakini kila kuvuka kuna ushuru wake. Ukiita funksheni moja ya kupunguza picha nzima, ushuru huuoni. Ukiingia kwenye mzunguko wa kusoma pikseli moja moja, milioni kwa milioni, unalipa ushuru milioni kwa milioni, na ile JIT uliyoifuata haiwezi kuona kinachotokea upande wa pili wa ukuta. Ndiyo maana kwa miaka mingi Pillow ilibeba njia ya pembeni ya kusoma pikseli kupitia cffi, chombo nitakachokieleza baadaye, kwa ajili ya watu wa PyPy, kabla haijaondolewa.

JRuby walikuwa na msimamo mkali zaidi. Kwenye toleo la 1.6 walijaribu kubeba viendelezi vya C, wakaona gharama yake, wakaacha. Ukija na RMagick, ambayo ni kiendelezi cha C juu ya programu ya picha ya ImageMagick, JRuby haikupokei. Wapo waliolalamika. Mimi nadhani walifanya sawa. Kuiga matumbo ya mwenzako ni kazi isiyokwisha, kwa sababu mwenzako naye hubadilika. Na ninyi mnaofuatilia mtajua kwamba mwaka 2019 ulianza mradi wa HPy, wenye lengo la kuwapa waandishi wa viendelezi vya Python mlango usiofichua matumbo ya intapreta yoyote. Nautaja tu, siyo mada ya leo.

Kabla sijafika kwenye njia ninayoipenda, niseme neno kuhusu njia ambayo waandishi wa programu wanaidharau bila sababu: kuita programu ya nje. Yaani huandiki kifungashio chochote. Unaiambia kompyuta iendeshe vipsthumbnail, programu ya kupunguza picha, au amri ya ImageMagick, unasubiri, unasoma faili lililotoka. Wenye studio mlioko hapa, mnaotengeneza pasipoti saizi na picha za harusi: njia hii inawatosha. Kuanzisha mchakato mpya kunagharimu muda mdogo sana ukilinganisha na kufungua picha ya kamera, mchakato ukifa haufi na programu yako, na kumbukumbu yote inarudi kwa mfumo mchakato ukiisha. Mtu akikuuzia kifungashio cha kisasa kwa kazi hiyo, muulize faida ni nini hasa.

Ila kuna tahadhari mbili. Jina la faili lisiunganishwe na amri kama maandishi ya kawaida; lipitishwe kama hoja (kitu unachoikabidhi programu au funksheni) inayojitegemea, la sivyo mteja mwenye akili ataita faili lake kwa jina ambalo ni amri. Na picha zinazopakiwa na watu usiowajua ni hatari kwa zenyewe. Mwezi Mei mwaka 2016 ulitangazwa udhaifu wa ImageMagick uliopewa jina ImageTragick: picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuifanya seva iendeshe amri za mshambuliaji. Kwa hiyo zima aina za mafaili usizozihitaji. Kama kazi yako ni JPEG na PNG, kwa nini seva yako ikubali kingine?

Njia hiyo inakwama pale unapotaka kushika picha mkononi: kuikata, kuipima, kuuliza wastani wa rangi, kuamua, kuikata tena, bila kuandika faili katikati kila hatua. Hapo unahitaji kuiita maktaba yenyewe.

Sasa tunaingia kwenye FFI, yaani njia ya lugha moja kuita funksheni za lugha nyingine. Wazo ni jepesi. Badala ya kuandika msimbo wa C unaoijua Python, unaandika msimbo wa Python unaoijua C. Unaiambia intapreta: ipo maktaba yenye jina hili, ina funksheni hii, inapokea namba mbili na anwani moja, inarudisha anwani. Intapreta inafungua maktaba wakati programu inaendeshwa, inapanga hoja mahali prosesa inapozitarajia, inaita. Kwa watu wa Python chombo ni cffi, kilichotoka mwaka 2012 mikononi mwa Armin Rigo na Maciej Fijałkowski, watu walewale wa PyPy, na hiyo si bahati mbaya. Kwenye PyPy, JIT inaelewa wito wa cffi na inaweza kuukunja kuwa wito wa moja kwa moja. LuaJIT nayo unaipa matamko ya C jinsi yalivyo kwenye faili la vichwa (faili linalotangaza funksheni za maktaba) na inaita bila manung'uniko. JRuby inatumia kifurushi cha Ruby kiitwacho ffi. Na cffi hiyohiyo inafanya kazi kwenye CPython, kwa hiyo kifungashio kimoja kinatumikia pande zote mbili. Angalieni kilichotokea: ndani ya kifungashio hakuna neno hata moja kuhusu namna intapreta inavyotunza objekti zake.

Maktaba gani? Mimi nimechagua libvips na nitawaambia kwa nini, mkiwa na hoja ya nyingine tutagombana baadaye. Asili yake ni mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye mradi wa Ulaya ulioitwa VASARI, ambao National Gallery ya London ilishiriki. Walitaka kupiga picha za michoro ya kale kwa usahihi wa rangi unaoweza kupimwa miaka mingi baadaye. Picha zao zilikuwa kubwa kuliko kumbukumbu ya kompyuta za wakati ule. Kwa hiyo maktaba ilizaliwa na tatizo la yule kijana wetu wa droni tayari kichwani: haipakii picha nzima. Unapoiambia ipunguze, kisha inoe, kisha iandike, inapanga hatua tu. Siku ya kuandika ndipo inavuta vipande vidogo vidogo kupitia hatua zote, kwenye thredi (njia za kazi zinazokwenda sambamba) kadhaa kwa pamoja, na kipande kikimalizika kinaachiliwa.

Sababu ya pili ndiyo inayomgusa mfungashaji. libvips inajieleza. Ina operesheni takriban 300, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuandika matamko 300 kwa mkono na kuyafukuzia kila toleo jipya. Imejengwa juu ya GObject, mfumo wa objekti kwa lugha ya C, kwa hiyo wakati wa kuendeshwa unaweza kuiuliza: una operesheni inayoitwa resize? Inahitaji hoja gani? Ipi ni ya lazima, ipi ya hiari? Inatoa nini? Kifungashio kinatengeneza operesheni kwa jina lake, kinaweka hoja moja moja, kinaijenga, kinasoma majibu. Kwa matamko machache ya C unapata operesheni zote, pamoja na zile zitakazoongezwa baada ya wewe kuacha kazi. pyvips, ruby-vips, lua-vips na NetVips vinafuata njia hii, na php-vips ilihamia kwenye FFI ya PHP kuanzia toleo la 2.

Mtu atauliza: mbona libvips ina funksheni ya vips_resize tayari, kwa nini nisiiite tu? Kwa sababu funksheni hizo zinapokea idadi ya hoja isiyojulikana na kumalizia kwa anwani tupu. Mwandishi wa C haoni taabu zake kwa sababu kompaila inamfichia. Kupitia FFI unazibeba mwenyewe. Namba ya float (desimali ya biti 32) inapaswa kupandishwa kuwa double (ya biti 64). Ile anwani tupu ya mwisho ukiipeleka kama sifuri ya biti 32 mahali panaposubiri biti 64, nusu ya pili inaweza kuwa takataka, na maktaba itaendelea kusoma hoja ambazo hukuzituma. Na kwenye Mac za prosesa ya ARM, Apple wameamua hoja za aina hii zikae kwenye staki (eneo la kumbukumbu la muda la funksheni), tofauti na hoja za kawaida. Ukitamka funksheni vibaya, programu inayokwenda vizuri kwenye Linux ya ofisini inakufa kwenye MacBook ya bosi. Ziepukeni kabisa.

Haya, kumbukumbu. Hapa nitakaa, na mtanivumilia, kwa sababu kuita funksheni ni kazi ya alasiri moja lakini suala la nani mwenye kumbukumbu ndilo litakalokuamsha usiku.

Chukua picha ya kawaida ya kamera, 6000 kwa 4000. Ikiwa imefunguliwa kikamilifu ni MB 72. Upande wa Python, kinachoiwakilisha ni objekti ndogo yenye anwani moja ndani. Mfagiaji wa PyPy anapima mzigo kwa kile anachokiona yeye, na yeye anaona objekti kidogo zisizo na uzito. Hana haraka. Unapita kwenye folda ya picha za harusi, ukizifungua moja baada ya moja, na yeye ametulia tu, akisubiri mzigo utakaostahili kufagiwa, huku mfumo unaishiwa. Msimbo uleule kwenye CPython ulikuwa salama, kwa sababu hesabu ilifika sifuri kila picha ilipoachwa. Ndipo mtu anasema PyPy inavuja. Haivuji, haijaambiwa. Kwenye cffi, unapofunga anwani kwa ffi.gc na kuipa funksheni ya kuachilia, kuna hoja ya tatu ya ukubwa. Ijaze. Hapo mfagiaji anajua kwamba nyuma ya objekti hii ndogo kuna tembo.

Lakini msiweke MB 72 kila mahali. Kumbuka libvips inapanga hatua tu. Picha iliyotokana na resize inaweza isiwe na pikseli hata moja mkononi. Ukimwambia mfagiaji kila hatua ina MB 72, atafagia mchana kutwa bila faida. Uzito utajwe kwa picha ambazo kweli zimekaa kwenye kumbukumbu. Hapa ndipo ninaposema kifungashio lazima kiijue maktaba: hakuna kanuni ya jumla itakayokuamulia.

Pili, uelekeo wa kinyume: Python inaipa maktaba baiti zake. Funksheni ya vips_image_new_from_memory hainakili. Inachukua anwani uliyoipa na kuamini kwamba baiti zitakuwepo. Wewe umesoma baiti kutoka kamera, umeunda picha, umeendelea na maisha. Kwa mtazamo wa intapreta, baiti zile hazitumiki tena na mtu yeyote. Zinafagiwa. Na kwa sababu libvips inachelewesha kazi, hakuna kinachotokea hapo. Kinatokea baadaye, kwenye mstari wa kuandika faili, mbali na kosa lenyewe: mistari ya rangi za ajabu katikati ya uso wa bi harusi, au programu inakufa bila maelezo. Tiba ni mstari mmoja: objekti ya picha ibebe ndani yake marejeo ya zile baiti, na kila picha inayotokana nayo ibebe pia. Kama hutaki mzigo huo, ipo funksheni ndugu yenye neno copy mwishoni. Inanakili, unalipa MB 72 nyingine, unalala vizuri. Kwa picha ndogo, nakili bila aibu.

Tatu, objekti zinazohama. Usichukue anwani ya baiti za Python ukaihifadhi kama namba tupu ili uitumie baadaye. Namba haishiki chochote. Tumia ffi.from_buffer: inakupa anwani halali maadamu kile inachokurudishia bado unakishika. Ukikiachia, ahadi imekwisha.

Nne, mafaili. Watu wa CPython wamezoea kwamba objekti ikitoka nje ya funksheni, faili linafungwa lenyewe. Kwenye PyPy au JRuby litafungwa mfagiaji akipita, na hakuna anayejua atapita lini. Linux nyingi zinaupa mchakato mmoja nafasi ya mafaili 1024 yaliyofunguka. Folda moja ya droni inamaliza nafasi hizo upesi. Kifungashio kitoe njia ya wazi ya kufunga, na mtumiaji aizoee. Na kwa jina la Mungu msiandike juu ya faili mnalolisoma. Kazi inacheleweshwa, kwa hiyo utakuwa unafuta chanzo huku bado kinasomwa.

Makosa. libvips ikishindwa inarudisha -1 au anwani tupu, na maelezo inayaweka kwenye bafa ya makosa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea maandishi hayo. Kifungashio kisome bafa, kiifute, kitupe kosa la kawaida la lugha. Usipoifuta, kosa la jana litaonekana kwenye ripoti ya leo. Bafa ni moja kwa mchakato mzima, kwa hiyo kwenye thredi nyingi maneno yanaweza kuchanganyika; amini thamani iliyorudishwa, maneno yachukue kama fununu.

Thredi nazipita haraka. cffi inaachilia kufuli la intapreta, lile linaloruhusu thredi moja tu kuendesha Python kwa wakati mmoja, wakati C inafanya kazi, kwa hiyo thredi zako nyingine zinaendelea. Ukitaka maktaba ikuite wewe, kwa mfano kukujulisha kazi imefika wapi, wito unaweza kuja kwenye thredi ambayo intapreta haikuianzisha. Kosa la Python lisivuke kuingia C, likamatwe humo humo. Na ile hendo (kitambulisho cha objekti unachoikabidhi C) unayoipata kwa ffi.new_handle uishike mpaka mwisho, maana ikifagiwa na maktaba bado inayo anwani yake, hakuna wa kukusaidia.

Kufunga programu kwenye kompyuta za watu. Hili kwetu ni suala la bando. cffi ina namna mbili. Ya kwanza inatumia kompaila: inathibitisha matamko yako dhidi ya vichwa halisi vya maktaba, na wito ni mwepesi zaidi. Ya pili haihitaji kompaila: inafungua maktaba iliyokwisha kujengwa, ambayo kwenye Linux inaitwa libvips.so.42, kwenye Mac libvips.42.dylib na kwenye Windows libvips-42.dll. Ukitamka vibaya kwenye hii ya pili hakuna atakayekuonya. Lakini kumwambia kijana wa Mbagala mwenye Windows ashushe zana za kompaila ili akate picha ni kumwambia akanunue bando la mwezi kwanza. pyvips inajaribu ya kwanza, ikishindikana inaangukia ya pili, na sioni sababu ya kufanya tofauti.

Kuhusu majaribio nina mambo machache ya kazini. Endesha majaribio yaleyale kwenye CPython na PyPy, kila badiliko. Baada ya kila jaribio mlazimishe mfagiaji apite, kwa gc.collect, ili baiti zilizosahaulika zife mbele yako badala ya kufia kwa mteja. Tumia picha ndogo ulizotengeneza kwa msimbo, zenye pikseli unazozijua kwa thamani, siyo picha ya paka. Rudia operesheni moja maelfu ya mara huku ukitazama VmRSS (kumbukumbu ambayo mchakato unaishika kweli) kwenye /proc/self/status: ikipanda na kutulia, sawa; ikipanda tu, kuna mtu anashika kitu. Kabla hujamtuhumu mtu, zima hifadhi ya operesheni ya libvips kwa vips_cache_set_max na sifuri, kwa sababu libvips hukumbuka operesheni za karibuni na picha zake, na tabia hiyo inafanana sana na kuvuja. Ukiwasha VIPS_LEAK kwenye mazingira, maktaba yenyewe itakutajia mwishoni nini kilibaki bila kuachiliwa.

Na kasi mpime kwa kazi yenu wenyewe. Kama programu yako inatumia karibu muda wote ndani ya C kukata picha, PyPy haitakuongezea kitu cha maana. C ni ileile. Inalipa pale ambapo kati ya picha na picha kuna mantiki yako nzito: kulinganisha mipaka ya nyumba, kupanga vigae, kusoma maelfu ya mistari ya koodineti. Mtu asihame kwa sababu ya hotuba.

Nimeacha mfano mdogo kwenye laptopu hii hapa mbele: picha moja ya juu, inakatwa vigae, kwenye CPython na kwenye PyPy, na kuna mahali nimeondoa ule mstari wa kubeba marejeo ya baiti makusudi ili muone picha inavyoharibika. Anayetaka kuushika msimbo aje na flashi, tusimalizane bando. Ndugu mwenyekiti, narudisha kipaza sauti. Wenye maswali ya thredi waanze, maana hapo nilikimbia.